Kifyatulio cha bastola ya upepo: unachoweza kurekebisha nyumbani na usichopaswa kugusa

Mwishoni mwa Julai 2024, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, picha moja ilizunguka kwenye simu za watu dunia nzima. Mturuki Yusuf Dikeç, mwenye umri wa miaka 51, amesimama amevaa fulana na miwani ya kawaida. Mkono mmoja uko mfukoni, mwingine umenyoosha bastola. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha katika timu mchanganyiko, bastola ya upepo ya mita 10, nyuma ya Zorana Arunović na Damir Mikec wa Serbia.

Watu walishangaa kwamba hakuvaa miwani maalumu ya kulengea. Wachache walitazama kidole chake cha shahada. Lakini waulize wanaoujua mchezo huu, watakuambia kwamba shabaha hushinda au hushindwa pale kwenye kidole, katika sekunde ile ya kuvuta kifyatulio, au triga kama wengi tunavyoiita.

Katika makala haya tunaeleza kifyatulio cha bastola ya upepo kinavyofanya kazi, kwa nini wapigaji wa shabaha huhangaika nacho, ni marekebisho gani mtu anaweza kuyafanya mezani kwake, na ni yapi yanayoweza kumtoa mtu jicho. Mwenye bunduki ya upepo ya mtutu mrefu naye atapata faida, kwa sababu kanuni ni zilezile.

Bastola ya upepo ni nini

Bastola ya upepo haitumii baruti. Inasukuma kidonge kidogo cha madini ya risasi kwa nguvu ya hewa au gesi iliyobanwa. Katika mashindano ya mita 10, kidonge huwa na kipenyo cha milimita 4.5 na uzito wa karibu nusu gramu.

Ziko za aina nne. Ya kwanza ni ya springi na pistoni: ukiikoki, springi nzito inabanwa, ukifyatua, springi inaisukuma pistoni, nayo inaibana hewa ghafla. Ya pili unaibana hewa mwenyewe kwa kuvuta wenzo mara moja, kama bastola ya Kirusi IZH-46M, ambayo wanaoanza wengi wameijua. Ya tatu hutumia mtungi mdogo wa gesi ya kaboni dioksidi. Ya nne ndiyo inayotawala Olimpiki siku hizi: ina mtungi uliojazwa hewa kabla, mara nyingi kwa shinikizo la baa 200. Tairi la gari dogo lina kama baa 2, kwa hiyo mtungi ule una shinikizo mara 100 ya tairi hilo.

Jua bastola yako ni ya aina gani kabla hujasoma zaidi, kwa sababu jambo lisilo na madhara kwa aina moja linaweza kuiharibu nyingine.

Fikiria mtego wa panya

Anayejua kutega mtego wa panya tayari anajua kifyatulio. Springi ya mtego imevutwa, ina nguvu nyingi, lakini imezuiwa na kijiti kidogo kilichoingia kwenye ndoano. Panya akigusa chambo, kijiti kinachomoka na springi inapiga.

Ndani ya bastola ni vivyo hivyo. Nyundo ndogo, au pistoni katika zile za springi, inataka kuruka mbele. Kinachoizuia ni ndoano ya chuma iliyoshika kwenye ukingo mwembamba. Unapovuta kifyatulio, unaitoa ndoano polepole kwenye ukingo huo mpaka inateleza na kuachia.

Sasa kumbuka shida ya kutega. Ukiingiza kijiti ndani sana, panya anakula chambo chote na mtego hauchomoki. Ukiutega kwa ncha kabisa, unajifyatua paka akipita au mlango ukipigwa na upepo. Kifyatulio nacho kina shida hiyohiyo. Ndoano ikishika sana, unavuta na kuvuta, chuma kinakwaruzana na chuma, na mkono unaanza kutetemeka. Ikishika kidogo mno, bastola inaweza kufyatuka ikiwekwa tu mezani kwa kishindo. Kazi yote ya kurekebisha kifyatulio ni kutafuta mahali salama kati ya hali hizo mbili.

Hatua mbili za kuvuta

Bastola nyingi za shabaha zina kifyatulio cha hatua mbili. Shika breki ya baiskeli utaelewa. Mwanzoni mkono wa breki unasogea kwa wepesi, breki bado haijagusa tairi. Kisha unafika mahali unahisi ukinzani, na kuanzia hapo kila nguvu unayoongeza inafanya kazi.

Hatua ya kwanza ya kifyatulio ni ule mwendo wa mwanzo. Kidole kinarudi nyuma, kinabeba sehemu ya uzito, kisha kinagota. Hatua ya pili ni ukuta mdogo ulio mbele ya kidole. Unaongeza nguvu kidogo na bastola inafyatuka bila kifyatulio kusogea kwa kiasi unachoweza kukihisi.

Baada ya kufyatuka, kifyatulio kinaweza kuendelea kurudi nyuma. Huo ni mwendo wa ziada. Ukiwa mrefu, kidole kinadondoka ghafla, mpini unatikisika wakati kidonge bado kiko ndani ya mtutu, na shabaha inapotea.

Mtu akisema kifyatulio chake ni kibaya, mara nyingi analalamikia moja ya mambo manne: ni kizito, kinakwaruza njiani, hatua ya pili haihisiki, au mwendo wa ziada ni mrefu. Kila tatizo lina dawa yake. Ndiyo maana kukimbilia kupunguza uzito kabla ya kujua tatizo ni lipi ni kosa la kwanza.

Milimita moja inagharimu pointi tatu

Duara la pointi 10 katika shabaha ya bastola ya upepo lina kipenyo cha milimita 11.5, kama ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Mpigaji husimama umbali wa mita 10, kwa mkono mmoja, bila kuegemea chochote. Katika mchujo hupiga mara 60.

Chukua bastola ambayo umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni sentimita 33. Kidole kikivuta kwa pembeni na kusogeza kilengeo cha mbele kwa milimita 1 tu, kidonge kitatua karibu sentimita 3 kutoka pale ulipolenga. Uliyelenga katikati ya 10 utapata 7. Jicho lako halikukosea na bastola haikukosea. Ni kidole kilichosukuma badala ya kuvuta.

Kwa sababu hiyo watu hutaka kifyatulio kinachoachia kwa urahisi. Lakini urahisi wenyewe una mpaka.

Kwa nini gramu 500

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, zinataka kifyatulio cha bastola ya upepo kibebe uzito usiopungua gramu 500 kabla ya kufyatuka. Waamuzi hupima. Mtutu unaelekezwa juu, uzito wa gramu 500 unaning'inizwa kwenye kifyatulio, na bastola inainuliwa. Ikifyatuka kabla uzito haujanyanyuka, haikubaliki. Hata baada ya mashindano wapigaji huchaguliwa kwa kushtukiza na kupimwa tena, na anayekutwa na kifyatulio chepesi kuliko kanuni huondolewa.

Kwa bunduki ya upepo ya mita 10 kanuni haiweki kiwango cha chini. Bunduki hushikwa kwa mikono miwili na kuegemezwa begani. Bastola hushikwa na mkono mmoja unaochoka, na huweza kuelekezwa upande wowote kwa kupinda kifundo tu.

Kwa hiyo washindi wa Paris walitumia vifyatulio vya angalau nusu kilo, kama chupa ndogo ya maji. Kama gramu 500 zinatosha kushinda Olimpiki, mtu anayejifunza nyuma ya nyumba hana sababu ya kutafuta gramu 200. Anachohitaji ni kifyatulio kinachoachia mahali palepale kila mara, ili mkono ukizoee.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote

Hakikisha hakuna kidonge ndani ya mtutu. Usikisie. Fungua, tazama, kisha tazama tena. Kama bastola ina mtungi wa hewa au gesi, uondoe kwa jinsi kitabu chake kinavyoelekeza. Vidonge vyote vipeleke chumba kingine.

Elekeza mtutu kwenye kitu kinachoweza kuzuia kidonge, kama gunia la mchanga. Usielekeze kwenye ukuta wa mabati au jiwe, kwa sababu kidonge kikigonga kitu kigumu hurudi. Vaa miwani. Kidonge cha nusu gramu kinachotoka kwa kasi ya mita 150 kwa sekunde hakiachi jicho salama. Watoto wasiwepo. Ukimaliza, bastola ifungiwe mahali wasipofika.

Chukua simu yako upige picha ya kila skrubu kabla hujaigusa. Weka alama ndogo kwa rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu na kwenye chuma cha pembeni, ili ujue ilikuwa imeelekea wapi. Andika kila robo mzunguko unaozungusha na upande ulioelekea. Mafundi wengi wamekesha wakitafuta mahali skrubu ilipokuwa, kwa kukosa alama moja tu.

Marekebisho unayoweza kuyafanya

Anza na usafi. Vumbi, nyuzi za kitambaa na oili iliyoganda ndivyo chanzo cha kukwaruza katika bastola nyingi za zamani. Futa sehemu unazozifikia bila kufungua mtambo, kwa kitambaa kikavu au brashi laini. Weka tone moja dogo la oili nyepesi kwenye pini ambazo kifyatulio kinazungukia, kisha futa inayobaki. Oili nyingi hukusanya vumbi jipya.

Usiruhusu oili iingie kwenye njia ya hewa, hasa katika bastola ya springi. Mashine ya kusaga inayotumia dizeli haina plagi. Mafuta yake huwaka kwa sababu hewa iliyobanwa ghafla hupata joto kali. Pistoni ya bastola ya springi nayo hubana hewa ghafla. Oili ikiwa mbele yake inaweza kuwaka, ikatoa kishindo na moshi, na kuharibu sili na springi.

Pili, kaza mpini. Mpini uliolegea hufanya kifyatulio kizuri kionekane kibovu, kwa sababu unapovuta, mpini ndio unaosogea kwanza. Kaza skrubu zake kwa bisibisi inayotoshea vizuri, bila kutumia nguvu nyingi.

Tatu, sogeza kifyatulio kifuate kidole chako. Bastola nyingi za shabaha zina skrubu inayoruhusu ulimi wa kifyatulio kusogea mbele, nyuma au kuzungushwa kidogo. Shika bastola kama unavyopiga. Katikati ya nyama ya ncha ya kidole ndipo panapopaswa kugusa, na kidole kisiguse mpini ubavuni. Kikiwa mbali, unavuta kwa ncha na kusukuma pembeni. Kikiwa karibu mno, unavuta kwa kiungo na kukunja mkono wote. Rekebisho hili halina hatari na mara nyingi ndilo lenye faida kubwa.

Nne, gawa uzito wa hatua mbili, kama bastola yako ina skrubu za kazi hiyo. Wapigaji wengi hupenda hatua ya kwanza ibebe sehemu kubwa ya gramu 500 na ya pili ibaki na sehemu ndogo. Hivyo kidole kinapofika kwenye ukuta kimekwisha kubeba mzigo mwingi, na kinaongeza kidogo tu. Jumla haijapungua, lakini mkono unahisi wepesi.

Tano, punguza mwendo wa ziada. Iko skrubu inayozuia kifyatulio kisirudi nyuma sana. Ikaze robo mzunguko kwa wakati mmoja mpaka bastola ikatae kufyatuka, kisha ilegeze mpaka ifyatuke kila mara, halafu uilegeze tena robo mzunguko. Nafasi hiyo ya akiba ni muhimu, kwa sababu uchafu kidogo tu ungeweza kuifanya igome.

Soma kitabu cha bastola yako kujua skrubu ipi ni ipi. Usifuate video ya bastola ya aina nyingine. Skrubu iliyo mahali palepale katika bastola mbili inaweza kuwa na kazi mbili tofauti kabisa.

Pima kwa chupa ya maji

Huhitaji kununua kipimo. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu 1. Chukua chupa ya plastiki, ifunge uzi imara wenye kitanzi, kisha nenda dukani kwenye mizani. Ongeza maji mpaka chupa, kifuniko, uzi na maji kwa pamoja vifike gramu 500. Weka alama kwenye chupa.

Nyumbani, hakikisha tena bastola haina kidonge, kisha ikoki. Elekeza mtutu juu, mbali na uso wako. Pitisha kitanzi katikati ya ulimi wa kifyatulio, chupa ikiwa imesimama mezani. Inua bastola polepole. Chupa ikinyanyuka bila bastola kufyatuka, umefikia kiwango au umekipita. Rudia mara kadhaa. Ukitaka kujua uzito kamili, ongeza maji vijiko viwili vya chai kwa wakati mmoja, ambavyo ni kama gramu 10, mpaka ifyatuke.

Onyo moja: bastola ya springi na pistoni isifyatuliwe bila kidonge. Kidonge ndicho kinachobakiza hewa mbele ya pistoni na kuipunguzia kasi. Bila hiyo, pistoni inagonga mwisho wa silinda kwa nguvu zote. Kama unayo bastola ya aina hiyo, kazi ya kupima mwachie fundi wa silaha.

Usichopaswa kugusa

Wapo wanaoshauri kutoa ndoano na kuisugua kwa msasa au tupa ili iteleze vizuri. Msifanye hivyo.

Chuma cha ndoano na cha ukingo inaoushika mara nyingi huwa kimefanywa kigumu juu tu, kwa tabaka jembamba. Ndani ni laini zaidi. Msasa ukiondoa tabaka hilo, kifyatulio kitakuwa kitamu kwa majuma machache, kisha chuma laini kitaanza kulika. Siku moja ndoano haitashika tena. Isitoshe, ukingo ule una pembe iliyopimwa kiwandani. Mkono hauwezi kuirudisha, na pembe ikibadilika kidogo ndoano inaweza kuteleza yenyewe.

Usikate springi ya kifyatulio wala kuweka ya kalamu badala yake. Springi hiyo ndiyo inayoirudisha ndoano mahali pake. Ikiwa dhaifu, ndoano hairudi yote, na unakuwa na mtego uliotegwa kwa ncha bila wewe kujua.

Usifungue silinda ya springi bila kifaa cha kuibana. Springi ile ikichomoka inaweza kuvunja kidole au meno. Na mtungi wa hewa usitobolewe, usipigwe nyundo wala kujazwa gesi nyingine. Oksijeni ya hospitali au ya mafundi wa kuchomelea ikikutana na oili inaweza kulipuka.

Katika baadhi ya bastola iko pia skrubu inayoamua ndoano ishike kiasi gani. Hii ndiyo inayotamanisha na ndiyo ya hatari kuliko zote. Kama kitabu cha mtengenezaji hakielezi hatua kwa hatua jinsi ya kuirekebisha, iache kama ilivyo.

Jaribu kabla ya kuamini

Ukimaliza kurekebisha, usiweke kidonge bado. Ikoki bastola, elekeza mahali salama, kidole kikiwa nje. Ipige ubavuni na chini ya mpini kwa kiganja, mara kadhaa. Washa kizuizi cha usalama kama kipo, vuta kifyatulio, kisha zima kizuizi bila kugusa kifyatulio. Bastola isifyatuke katika hatua yoyote kati ya hizo. Ikifyatuka hata mara moja, rudisha skrubu kwenye alama zako za mwanzo. Ikiendelea, ipeleke kwa fundi.

Baada ya hapo anza na kidonge kimoja kimoja, ukilenga kizuizi kinachoaminika.

Mtambo unaotegemewa una thamani kuliko mtambo mwepesi. Katika Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, Manu Bhaker wa India alipata hitilafu ya bastola katikati ya mchujo na ikambidi atoke kwenye mstari ishughulikiwe huku saa ikienda. Alimaliza wa 12, nje ya nane waliofuzu fainali. Miaka mitatu baadaye mjini Châteauroux, yalikofanyika mashindano ya shabaha ya Olimpiki ya Paris, alipata medali mbili za shaba: moja ya bastola ya upepo peke yake, nyingine ya timu mchanganyiko pamoja na Sarabjot Singh.

Kidole ndicho fundi mkuu

Rekebisho kubwa kuliko yote halihitaji bisibisi. Ni kufyatua bila kidonge, kila siku, kwa dakika 15. Bastola nyingi za shabaha zina mpangilio wa mazoezi haya, ambapo kifyatulio kinafanya kazi lakini hewa haitoki. Narudia onyo kwa wenye bastola ya springi: hii si yenu. Ninyi fanyeni mazoezi ya kuvuta hatua ya kwanza mpaka ukutani na kuachia, bila kuikoki.

Simama mbele ya ukuta mweupe usio na alama. Usilenge kitu. Tazama kilengeo cha mbele tu. Vuta hatua ya kwanza, gota, kisha ongeza nguvu taratibu mpaka ifyatuke. Kilengeo kikitikisika wakati wa kufyatuka, kidole kimesukuma. Kikitulia, umevuta sawasawa. Ukuta mweupe unafaa kwa sababu hauna duara la kukuvuta jicho, kwa hiyo unaiona kasoro yako mwenyewe.

Ukitaka mwamuzi mkali zaidi, mwombe mtu aweke sarafu juu ya mtutu. Fyatua. Sarafu ikibaki pale mara 10 mfululizo, kifyatulio chako hakina ubaya wowote.

Kila unapofyatua, endelea kulenga kwa sekunde moja au mbili, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanaoinua kichwa haraka kutazama walipopiga huwa wameanza kusogea kabla kidonge hakijatoka.

Ukiona baada ya mwezi kwamba shida imebaki ileile, sasa unajua kwa hakika kwamba iko kwenye mtambo, na unaweza kumweleza fundi ni ipi kati ya zile nne.

Sheria na majirani

Sheria za bastola za upepo hutofautiana sana. Uingereza, mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua silaha ya upepo, na huko Uskoti tangu tarehe 31 Desemba 2016 kunahitajika cheti. Ujerumani, zile za nguvu isiyozidi joule 7.5 zenye alama ya herufi F ndani ya pembe tano huuzwa kwa watu wazima bila leseni ya silaha. Hayo hayakupi ruhusa ya kuja nayo nyumbani. Ndugu aliye Ulaya akikuahidi zawadi ya aina hii, uliza kwanza kituo cha polisi kinachoshughulikia silaha katika wilaya yako, kabla haijafungwa kwenye sanduku.

Usitembee nayo hadharani wala kuipunga uani. Kwa mbali, jirani au askari hawezi kujua kama ni ya upepo au ya baruti, na hana wajibu wa kusubiri ajue.

Jambo la mwisho: vidonge ni madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na usivishike mdomoni wakati unapakia. Vilivyotumika vikusanywe, visiachwe mahali kuku na watoto wanapochokora.